Tarumbeta na Mfuko wa Mgonjwa

Wasikilizaji wangu, kila akaaye Kilosa au Mikumi amepata kuona matarumbeta ya arusi yakipita njiani. Gari la wazi hutangulia, na ndani yake wamesimama vijana sita au wanane, wakipuliza hata mishipa ya shingo ikawavimba. Watu wengi hutazama gari la bibi arusi linalofuata nyuma. Mimi, kwa sababu kazi yangu ni kufundisha walimu, na muziki ni mojawapo ya masomo niliyopewa, hutazama vifua vya wapigaji. Zaidi ya mara moja nimeona katika kundi kifua ambacho hakikustahili kupuliza siku ile. Mtu hugeuka upande, hukohoa, hufuta midomo, kisha hurejea mahali pake katika wimbo kana kwamba hapana lililotokea. Wenye arusi humtunza pesa kuliko wenziwe, wakisema ni shujaa.

Jioni hii sitasema juu ya ushujaa wake. Nataka kuuliza jambo jingine, ambalo historia ina majibu yake: ni nini kimfanyacho mtu mgonjwa ainue tarumbeta, na ni nani awezaye kumpa ruhusa ya kuiweka chini?

Kwanza yatupasa kuielewa kazi yenyewe. Mtu mzima akiketi kwa utulivu huvuta kama nusu lita ya hewa kwa kila pumzi. Mapafu ya mtu mwenye afya, akiyajaza yote na kuyamimina yote, yaweza kupitisha lita 4 au 5, na mpiga tarumbeta huitumia akiba hiyo tangu mwanzo wa ngoma hata mwisho. Tena ala hizi hazifanani. Lile baragumu kubwa liitwalo tuba hudai hewa nyingi isiyosukumwa sana. Tarumbeta hudai hewa kidogo, bali ni hewa inayosukumwa kwa nguvu nyingi kupita katikati ya midomo iliyobanwa, ili midomo itetemeke na kutoa sauti. Sauti ikipanda, msukumo ndani ya kifua hupanda nayo, hata damu inayorudi moyoni huzuilika kwa kitambo. Ndiyo sababu hata kijana mzima wa afya hushikwa na kizunguzungu akiishikilia sauti ya juu muda mrefu. Mpiga zeze akiwa na maradhi ya kifua aweza kuketi pembeni akapiga, na wasikilizaji wasijue. Mpiga tarumbeta hana maficho, maana nusu ya ala yake imo mwilini mwake: midomo, meno, ufizi, mapafu na moyo. Kimoja kikiharibika, kila mtu atasikia.

Sasa tutazame nchi yetu. Ala za shaba ziliingia pwani kwa milango mingi. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alikuwa na bendi yake ya Wagoa. Wajerumani nao walikuja na bendi za askari, na shule yao ya Serikali iliyokuwa Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Watu wa pwani hawakukaa kutazama tu. Huko Lamu na Mombasa vijana waliunda vyama vya ngoma, wakaiga gwaride, mavazi ya kiaskari na mlio wa tarumbeta, na ngoma hiyo ikaitwa beni, ambalo ni neno lile lile la bendi. Ikashuka mpaka Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam na Lindi, kisha ikapanda bara.

Njia yake ya kupanda bara inatuhusu sisi wa huku. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ipo njiani. Palikuwa na stesheni, maduka na mashamba ya mkonge, na watu wa makabila mengi walikutana pale hali wako mbali na ndugu zao. Halafu vikaja vita vya mwaka 1914. Majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa Agosti 1916, na mapigano yakaendelea kusini kwa njia ya Kidodi. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliichukua beni kila walikopiga kambi, hata baada ya vita ikaonekana mpaka Malawi na Zambia za leo. Huko mbali, ambako tarumbeta za shaba hazikupatikana, watu walitengeneza za kwao kwa vibuyu. Walitoboa tundu, wakalifunika kwa utando wa buibui, na mtu akiimba ndani yake sauti hutoka yenye mtetemo kama wa shaba. Nalipenda jambo hili kwa akili yake. Tena tazameni kwamba kibuyu hakidai pumzi kubwa: hata mwenye kifua kibovu aliweza kushika zamu yake.

Vyama vikubwa vya beni vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Vilishindana kwa nguo, kwa gwaride, kwa karamu na kwa nyimbo za kuchambana, na kila chama kilikuwa na vyeo vyake, tangu Kingi kwenda chini mpaka askari wa kawaida. Wamisionari wengi hawakuipenda beni, na sisi tuliosomeshwa katika shule zao tulirithi chuki hiyo bila kuuliza sana. Tulifundishwa kwamba ni upuuzi, ulevi na kupoteza fedha. Fedha zilipotea kweli, kwani karamu za kushindana zilitia wengi katika madeni. Lakini chini ya kelele zile palikuwa na kitu ambacho walimu wetu hawakukitaja. Chama cha beni kilikuwa na mfuko. Mwanachama akiugua mjini, ambako hana mama wala shangazi, wenziwe walichanga. Akifa, walimzika, tena kwa heshima ya cheo chake. Kwa mtu aliyetoka mbali kuja kukata mkonge au kufanya kazi ya reli, jambo hili halikuwa dogo. Ni dhahiri kwamba mpigaji wa beni aliyeshikwa na homa alikuwa na mahali pa kuegemea, hata kama ni padogo.

Mfuko kama huo una mpaka wake. Humfaa mmoja akiugua wakati wengine ni wazima. Mwishoni mwa mwaka 1918 homa ya mafua ilipozunguka dunia nzima, ilifika kwetu na kusafiri pamoja na askari, wapagazi na abiria wa gari la moshi, yaani kwa njia zile zile zilizochukua ngoma. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Askari wake wakapelekwa kambini Tabora, na Wazungu wake wakateremshwa kwa reli mpaka Dar es Salaam, wakapita hapa Kilosa. Homa iliua wengi wa hawa na wa wale, watu waliokuwa wameokoka risasi kwa miaka minne. Wanahistoria hukadiria kwamba katika Tanganyika nzima walikufa kati ya watu 50,000 na 80,000. Nyumba nzima ikilala kwa homa, nani achange na nani apokee? Walakini vyama havikufa. Beni iliishi miaka mingi tena, ikastawi mijini, mpaka muziki wa dansi ulipochukua vijana wake.

Sasa na tuvuke bahari kubwa, maana jambo hili la bendi na mfuko wa mgonjwa halikuwa letu peke yetu. Katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, watu weusi baada ya kutoka utumwani walianzisha vyama vya kusaidiana. Mwanachama alitoa senti zake kila juma au kila mwezi, na chama kikamlipia daktari na dawa akiugua. Akifa, chama kilimwita mchungaji na bendi ya tarumbeta, wakampeleka makaburini kwa nyimbo za pole na kurudi kwa nyimbo za furaha. Hapana aliyewafundisha watu wa Tanga desturi ya New Orleans, wala hawa hawakujifunza kwetu, lakini pande zote mbili tarumbeta na mfuko wa mgonjwa vililelewa nyumba moja. Hata vyeo vilifanana. Mwaka 1949 Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri kuliko wote waliotoka mji ule, alirudi kwao kuvikwa ufalme wa siku moja katika sikukuu ya mji, mfalme wa chama kimoja cha kusaidiana kiitwacho Zulu. Kingi wa Arinoti angemwelewa mara moja.

Taabu ilianza mwanamuziki alipoondoka nyumbani akaiacha na ile michango. Aliyemtangulia Armstrong, na kumfundisha mengi, alikuwa Joe Oliver, aliyeitwa King Oliver, mzaliwa wa mwaka 1881. Alikwenda Chicago, na mwaka 1922 akamwita kijana Armstrong kutoka New Orleans aje akae kando yake. Rekodi walizofanya mwaka 1923 zinasikilizwa hata leo. Lakini Oliver alipatwa na ugonjwa wa ufizi, na meno yakaanza kulegea. Pasipo meno imara tarumbeta haina pa kukaa, kwani midomo huegemea meno. Oliver hakuacha. Miaka ya 1930 alizunguka kusini mwa Marekani akiongoza bendi ambayo yeye mwenyewe aliweza kuipigia sauti chache tu, huku wengine wakichukua sehemu zilizokuwa zake. Gari lao liliharibika, mikataba ikavunjika, vijana wakamwacha mmoja mmoja. Mwishowe alibaki katika mji wa Savannah, akiuza mboga na kufagia mahali pa mchezo wa biliadi. Moyo wake ulikuwa mgonjwa na hakuwa na fedha za matibabu. Alimwandikia dada yake barua kueleza jinsi anavyodunduliza senti za kumfikisha New York. Alikufa Aprili 1938, na ni dada yake aliyetoa fedha, pamoja na zile za kodi ya nyumba, ili maiti yake iletwe New York kuzikwa.

Mtu huyu alipiga hali mgonjwa kwa sababu asingepiga asingekula. Nalifikiri wengi wa wale tunaowasifu kwa ushujaa wamo katika fungu lake.

Fats Navarro alikuwa wa fungu hilo pia, ila habari yake inauma kwa namna nyingine. Alizaliwa mwaka 1923 huko Florida, na jina la Fats alipewa kwa unene wake. Sauti ya tarumbeta yake ilikuwa nene na safi, na mwendo wa vidole vyake ulikuwa wa kasi ya ajabu. Akashikwa na kifua kikuu, na juu yake akawa mtumwa wa dawa ya kulevya iitwayo heroini. Mwaka 1950 alikuwa amekonda hata jina lake likawa kama dhihaka, naye bado alikuwa akipanda jukwaani New York. Alikufa Julai mwaka ule, hajatimiza miaka 27. Dawa ya streptomaisini ilikuwa imekwisha kugunduliwa tangu mwaka 1943. Ilikuwako dawa, walikuwako madaktari, tena katika mji wenye hospitali nyingi kuliko nchi yetu nzima, naye alikuwa akipuliza vilabuni usiku. Kwetu hapa, tangu mwaka 1926, palikuwa na hospitali ya kifua kikuu Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, na dawa za zamani zile zilikuwa hewa safi, chakula na kupumzika. Kwa mpiga tarumbeta neno kupumzika ndilo gumu kuliko yote, maana tarumbeta ikipumzika na midomo hulegea, na baada ya miezi michache mtu huanza upya kama mwanafunzi.

Niseme neno moja hapa kwa ajili ya wale wanaoongoza bendi za shule na za arusi huku kwetu. Kifua kikuu huenea kwa hewa atoayo mgonjwa anapokohoa na kusema. Mwenye kikohozi cha majuma mawili au zaidi na apelekwe akapimwe, asipewe sharubati ya kikohozi na nafasi ya mbele katika mstari. Siku hizi dawa zipo, na tiba ya kawaida ni ya miezi 6.

Narudi kwa Armstrong, maana yeye ni tofauti na hao wawili, na ndiye anayetutatiza. Mwezi Juni 1959, akiwa Spoleto katika Italia, alipatwa na mshtuko wa moyo. Mwaka uliofuata, 1960, alianza safari ndefu ya Afrika, akapiga Leopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa, ambako watu walimbeba kwa kiti kama mtemi, akaja na Afrika Mashariki akapiga Nairobi. Watu wetu waliomshangilia walimwona akifuta jasho kwa leso nyeupe wakacheka naye, kwa kuwa leso ile ilikuwa sehemu ya mchezo wake. Wachache walijua kwamba anayefuta jasho ni mtu aliyelazwa kwa moyo mwaka mmoja na nusu kabla. Safari hiyo ilimgharimu mwenzake. Velma Middleton, mwimbaji aliyekuwa naye tangu miaka ya 1940, alipatwa na kiharusi Sierra Leone mwezi Januari 1961. Bendi ikaendelea na safari, kwani miji mingine ilikuwa ikingoja. Bibi yule aliachwa hospitali ya Freetown, akafa huko mwezi wa Februari. Katika habari zote nilizosoma kwa ajili ya mazungumzo haya hiyo ndiyo iliyonikalia moyoni, ingawa yeye hakuwa mpiga tarumbeta. Wapigaji wa beni, pamoja na upuuzi wao wote, wangalimwacha mtu nyuma peke yake? Labda. Lakini chama chao kingaliulizwa.

Mwishoni mwa mwaka 1968 moyo na figo za Armstrong zilishindwa, akalazwa. Madaktari walimkataza tarumbeta, na kwa muda aliimba tu. Mwaka 1969 alirekodi wimbo wa filamu moja bila kupuliza hata mara moja. Mwaka 1970 akaanza tena kupuliza. Machi 1971 alikuwa na mkataba wa majuma mawili katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Daktari wake, Gary Zucker, alimwambia waziwazi kwamba aweza kuanguka akafa jukwaani. Armstrong akajibu kwamba ameahidi, na kwamba watu wanamngoja. Wakapatana kwamba atapiga, na kazi ikiisha ataingia hospitali. Akapiga majuma yote mawili. Akaingia hospitali, akapatwa na mshtuko mwingine wa moyo, akatoka mwezi wa Mei. Alikufa usingizini tarehe 6 Julai 1971, na siku moja kabla ya hapo alikuwa ameagiza bendi yake ikusanyike kwa mazoezi.

Armstrong hakuhitaji fedha zile. Alikuwa na nyumba, alikuwa na mke wa kumtunza, na jina lake lilijulikana duniani kote. Hatuwezi kusema alipiga ili ale. Wapo wanaosema alipenda watu kuliko uhai wake, na wapo wanaosema hakujua kuwa mtu mwingine yeyote isipokuwa yule aliyesimama mbele ya watu. Kwa maoni yangu mimi, mtu mzima aliyeambiwa ukweli wote na daktari wake, kisha akachagua, tusimhukumu. Lakini tusimfanye yeye kuwa mfano kwa kijana wa gari la arusi, ambaye hakuambiwa ukweli na mtu yeyote wala hana la kuchagua. Tukimsifu huyu kwa sifa za yule tunamdhulumu. Kijana yule anapuliza kwa sababu asiyepuliza hapewi fungu lake jioni. Nimezungumza na baadhi ya makundi ya huku. Liko kundi linalotenga fungu la mgonjwa kabla ya kugawana, kiasi kidogo tu, na wapigaji wake hukaa nyumbani wakiugua. Liko lisilotenga, na humo ndimo nilimosikia kikohozi.

Namalizia na Hugh Masekela wa Afrika ya Kusini, aliyezaliwa mwaka 1939 katika mji wa migodi wa Witbank. Tarumbeta yake ya kwanza aliipata shuleni kwa msaada wa padre Trevor Huddleston, yule yule ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi kwetu, tangu mwaka 1960 hata 1968. Huddleston alipofukuzana na Serikali ya ubaguzi na kurudishwa Uingereza, alikutana na Armstrong Marekani akamweleza habari za bendi ya wavulana wake. Armstrong akawapelekea tarumbeta mwaka 1956, na picha ya Masekela akiruka juu kwa furaha, tarumbeta mkononi, imejulikana sana.

Masekela alipiga zaidi ya miaka sitini. Mwaka 2008 aliambiwa ana saratani ya tezi dume. Alitibiwa, akaendelea kupiga katika nchi nyingi, miaka karibu tisa, na watu waliomsikia hawakujua kwamba kuna matibabu katikati ya safari na safari. Ugonjwa ulirudi na kuenea. Mwezi Oktoba 2017 alitoa taarifa kwa watu wote: akataja ugonjwa wake kwa jina, akaeleza tangu lini anao, akasema anavunja ahadi zake za kupiga ili atibiwe, akawahimiza wanaume wakapimwe mapema. Nilisikia taarifa hiyo redioni, na majuma machache baadaye mwalimu mwenzangu, mtu mwenye umri wa kunizaa, akapanda basi kwenda Morogoro kupimwa, bila kumwambia mtu anakwenda kufanya nini mpaka aliporudi. Masekela alikufa tarehe 23 Januari 2018 huko Johannesburg. Zile ngoma alizoziahirisha hazikupigwa, na hakuna aliyedai nauli yake.

Saa yangu imekwisha, wasikilizaji. Kwaherini.